Mtoto wa Dada Yangu

Brisbane, 11 Februari 2018

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sista Lukia anakuja huko kwa likizo na amekubali kuibeba barua hii mkononi. Ningepiga simu, lakini Koronai mtu akipigiwa simu hupanda kilima cha mtandao na watu kumi nyuma yake, na jambo langu halitaki watu kumi.

Sisi hatujambo. Melinda ameanza shule. Anakataa magimbi, anasema yana ladha ya sabuni. Nimemwambia bibi yake akilisikia hilo atapanda ndege aje kumchapa. Mume wangu bado yuko zamu za usiku bandarini, tunaonana Jumapili kama wachumba. Mama anaendeleaje na magoti? Na wewe kifua?

Nimepata kazi ya miezi michache. Kuna watu hapa wanatengeneza filamu ya mambo ya kweli, kuhusu watoto waliokulia katikati ya vita, nasi tumo. Mzee mmoja mpiga picha alivuka kwa boti kutoka Visiwa vya Solomon mwaka 1993, wakati wa kizuizi, jeshi lilipokuwa limekifunga kisiwa chetu, akapiga picha huko kwetu milimani. Sasa amefariki, na binti yake amekuta kanda thelathini na moja stoo. Watoto waliomo wanazungumza lugha yetu na hapa hakuna anayewaelewa. Ndiyo maana wakanitafuta. Nasikiliza, nasimamisha, naandika kila neno kwa Kiingereza kando ya dakika yake.

Nimekuona, Mjomba. Nywele zako nyeusi. Unafundisha kugawanya chini ya turubai, na ubao wako ni plaiwudi iliyopakwa weusi wa betri zilizokufa. Mpiga picha anamuuliza mtoto mmoja anaogopa nini kuliko vyote. Nilidhani atasema helikopta. Akasema: "Mwalimu akiuliza saba mara nane." Nilicheka peke yangu mpaka wenzangu wakaja kuniangalia.

Kanda ya kumi na nne nimeisimamisha. Swali langu ni dogo. Kaspari aliondokaje nyumbani? Nilikuwa na miaka tisa. Nakumbuka tu asubuhi ile tulipoamka, wewe umeketi mlangoni, unamwambia Mama kwamba kaka yangu ametoroka kuwafuata wavulana wenzake msituni. Nisimulie tena, kama unakumbuka.

Ni mimi mwanao,
Delfina


Koronai, 2 Aprili 2018

Delfina, mwana wa dada yangu,

Salamu zako zimefika zikiwa na harufu ya dawa ya nondo ya Sista Lukia. Nashukuru. Jana ilikuwa Pasaka. Nilipelekwa kanisani kwa toroli la mchanga, na watoto walisukumana kugombea mpini. Padri alisema mahubiri yalikuwa na wasikilizaji wachache kuliko toroli.

Miguu imevimba, kifua kinapiga filimbi, lakini kichwa ni kizima. Mama yako hajambo, naye ndiye mgonjwa wangu mkubwa, maana hanipi nafasi ya kuugua. Kila asubuhi anakuja na maji ya moto na maneno. "Wewe kaka unaoga kama paka," ananiambia, "unajilamba mabega basi." Magoti yake yanamruhusu kufika shambani na kurudi. Raimundi, mwanangu, ameezeka upya paa la shule. Amekuwa fundi mzuri. Mkewe amejifungua wa nne, msichana, na ukoo wa mkewe umefurahi sana kwa kuwa ardhi yao, inayopita kwa mabinti, imepata mrithi.

Nimefurahi kusikia habari za ule ubao. Weusi wa betri ulikuwa ukichafua mikono ya wote, na tulikuwa tukijipaka nyusoni tukicheka. Nyinyi watoto mlikuwa na kicheko kingi miaka ile. Watu hawaliamini hilo.

Kuhusu Kaspari, unajua kama ninavyojua. Wavulana waliondoka wengi. Asubuhi unawahesabu darasani, jioni mmoja amepungua. Kanda za zamani hukatika sauti, na mtoto mbele ya kamera husema lolote. Kwenye hiyo ya kumi na nne yumo nani? Tafadhali usimwandikie mama yako habari za kanda. Moyo wake si wa kuguswaguswa.

Mjomba wako,
Aloisi


Brisbane, 29 Aprili 2018

Mjomba,

Shikamoo. Nimefurahi kwamba miguu ina toroli. Mpe Raimundi hongera ya mtoto. Melinda ameng'oka jino la kwanza na analiweka mfukoni.

Uliniuliza kwenye kanda ya kumi na nne yumo nani. Yumo Kaspari.

Ameketi juu ya gogo pamoja na mvulana mwingine aliyekosa jino la mbele. Mapajani ana bunduki iliyotengenezwa kwa bomba la maji. Bunduki ni ndefu kuliko mguu wake. Anamtania mwenzake: "Huyu akipiga risasi anafumba macho yote mawili. Adui wetu mkubwa ni ndege." Mwenzake anamjibu: "Na wewe unalia usingizini, unamwita mama yako aje akukune mgongo." Wote wawili wanacheka. Kisha mtu mzima asiyeonekana, nadhani mkalimani, anamuuliza: "Ulitoroka nyumbani?"

Kaspari anasema: "Sikutoroka. Mjomba alinileta."

"Mjomba yupi?"

"Mwalimu. Alinishika mkono mpaka mtoni."

Nimeisikiliza mara nyingi, siwezi kukuambia ngapi. Mwanzoni nilidhani masikio yangu yamekosea lugha kwa kukaa mbali. Nilimwita mwenzetu mmoja wa Buin, anayeijua lugha yetu, anayeishi mtaa wa pili, nikamsikilizisha sehemu hiyo tu bila kumwambia ni nani. Akaitafsiri kama nilivyoisikia. Kisha akaniuliza, "Mbona umekuwa wa majivu?"

Nimeiacha mistari hiyo wazi. Kwenye karatasi kuna dakika, halafu nafasi nyeupe. Msimamizi ameniuliza mara mbili kama sauti ni mbovu. Nikasema bado nasikiliza. Sijawahi kumdanganya mtu kazini, na sasa nadanganya kwa ajili yako.

Filamu itaonyeshwa Koronai tarehe 18 Agosti, kwenye shuka ndani ya kanisa, kabla haijaonyeshwa mahali pengine popote. Wameamua hivyo kwa heshima. Mama atakaa mbele kabisa kwa sababu ya macho. Nisimulie, Mjomba. Safari hii usinisimulie ya mlangoni.

Delfina


Koronai, 20 Juni 2018

Delfina,

Barua yako ilifika mwezi uliopita. Nimeianza hii mara tano. Mama yako anadhani ninaandika wosia, akaniambia, "Andika na sufuria yangu uliyoiazima." Hivyo ndivyo alivyo mpaka leo asubuhi, mzima na mwenye ulimi, na ndiye ninayemwogopa.

Nitaandika kama mwalimu, kwa mpangilio, maana nikiandika kama mjomba sitafika mwisho.

Mwezi Mei 1993 alikuja Bonifasi, kamanda wa vijana wa mlima wetu. Alikuwa mwanafunzi wangu, nilimfundisha kusoma. Alikuja na wenzake watatu, akavua kofia, akakataa kuketi.

"Mwalimu," alisema, "kila nyumba inatoa mtoto mmoja. Yako bado."

"Nyumba yangu ni shule," nikamwambia. "Nimetoa tayari darasa zima."

Akacheka. "Mwalimu hapungukiwi maneno. Tunamtaka Raimundi. Tumemwona, ana kifua."

Nikamwambia Raimundi si wa ukoo wangu. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na anayeweza kumtoa ni kaka wa mama yake, baba mzazi hana neno. Wewe Delfina unalijua hilo bila kufundishwa, na Bonifasi pia alilijua.

"Mjomba wake amekufa," akasema.

"Basi hakuna wa kumtoa."

Hapo wenzake walicheka kweli, mmoja akasema mwalimu amewashinda kwa hesabu. Mimi pia nilitabasamu, Mungu anisamehe. Nilidhani nimeshinda. Bonifasi hakucheka. Alikuwa mwanafunzi mzuri kuliko nilivyokumbuka. Akasema:

"Tumekubali. Mtoto wako si wako. Wako ni nani, kwa mila?"

Niligeuka kuutazama mlango.

"Sema, Mwalimu. Ulitufundisha wewe mwenyewe, pale chini ya turubai. Mtoto wa mwanamume ni nani?"

"Ni mtoto wa dada yake," nikasema.

"Huyo una mamlaka naye?"

"Ninayo."

Ndivyo ilivyokuwa. Hakuninyooshea silaha. Usinitafutie udhuru huo, haukuwepo. Ningeweza kusema hapana, nikapigwa, nikachomewa nyumba. Wako walioyafanya hayo na wakaishi. Mila inampa mjomba mamlaka ili asimame mlangoni mwa dada yake. Mimi nilisimama mlangoni pa mke wangu, nikafungua pa dada yangu.

Kabla hakujapambazuka nilimwamsha Kaspari taratibu, wewe ulikuwa umelala kando yake. Nilimwambia anakwenda kupeleka barua, wiki mbili tu. Alinipa mkono mwenyewe njiani kwa kuwa kulikuwa na utelezi. Kwenye mto akaniuliza, "Mama anajua?" Nikamwambia anajua. Hilo sijamwambia hata padri.

Mwezi Septemba Bonifasi aliniita. Homa ya malaria ilikuwa imemshika Kaspari siku nne. Kwa sababu ya kizuizi hapakuwa na kidonge hata kimoja mlima mzima. Nilimkuta ameshafungwa kwenye mkeka. Tulimzika mimi na Bonifasi ng'ambo ya mto, juu ya shamba la zamani la ukoo wa mke wangu. Sikupanda hata jani, lile tunalopanda makaburini, kuonyesha mahali. Niliogopa mtu ataliona jani, atauliza, na kaburi likijulikana dada yangu ataniuliza nani alimpeleka. Mwaka uliofuata Bonifasi aliuawa pamoja na kikosi chake chote. Nikabaki peke yangu ninayejua.

Sasa nikwambie lililo zito kuliko hayo, kwa kuwa hayo niliyafanya nikiwa na hofu, na hili nimelifanya nikiwa na amani. Tangu vita viishe tumekuwa na mikutano ya suluhu. Unaijua: wanaume wanavunja pinde na mishale, wanakula nguruwe, wanatafuna tambuu pamoja, kisha akina mama wanasimama mmoja mmoja kuwauliza wapiganaji. Mama yako amesimama kwenye mikutano kumi na mmoja. Kila mara swali ni lilelile: "Nani alimwona mwanangu Kaspari? Simlaumu mtu. Nionyesheni alipo." Mara zote nilikuwa kando yake, nikimshikia mwavuli. Watu husema, tazama kaka anayempenda dada yake.

Mganga wa zahanati ananiambia moyo umechoka, huenda nisiione Krismasi. Nakuomba jambo moja. Filamu ingoje. Waambie mkanda ni mbovu, waambie lolote. Nikishafukiwa mwambie yote, hata la mtoni. Nife kwanza, Delfina, nikiwa bado kaka yake.

Aloisi


Brisbane, 8 Julai 2018

Mjomba,

Leo sina salamu.

Nilikuwa nimelala kando yake. Miaka yote hii nimejilaumu kwamba sikumsikia akitoroka. Nimejiuliza ningekohoa tu, ningegeuka tu. Ulikuwa unajua kwamba hakuna mtoto aliyetoroka, na siku nilipokueleza hayo, nikiwa na miaka kumi na saba, ulinipa leso.

Mwaka jana Mama aliniambia kwenye simu kwamba Kaspari pengine yuko Solomon, ameoa, anaona aibu kurudi. Amempa mpaka watoto, wawili. Anasema atakuwa amenenepa kama baba yetu. Kila mwaka anamwongezea mwaka. Nilimwacha aseme, nikidhani ni uzee. Yeye analea mtoto ambaye wewe umemzika.

Filamu haitangoja. Mistari nimeijaza, kama alivyosema yeye, neno kwa neno, pamoja na la mto. Nimeomba ruhusa ya kuja na nimenyimwa, tena Melinda anafanyiwa upasuaji wa tonsili mwezi huohuo. Kwa hiyo ni wewe. Una wiki zisizotimia sita kabla dada yako hajaambiwa na shuka ukutani mbele ya kijiji kizima.

Ulifungua mlango wake. Nenda ukabishe hodi.

Delfina


Koronai, 14 Agosti 2018

Delfina,

Natumaini mtoto ameamka salama na anakula vitu baridi. Hapa mvua imesimama wiki ya pili. Naandika kidogo kidogo, usione haya kwa ajili yangu ukikuta maandishi ya darasa la kwanza.

Nilikwenda siku ya pili baada ya barua yako kufika. Nilikataa toroli, nikatembea kwa fimbo, hatua mia mbili, nikapumzika mara sita. Alikuwa jikoni anamenya magimbi. Aliponiona akasema, "Leo jua litazama mashariki, mwalimu amekuja kwa miguu yake." Nikamwambia asimame. Akasema magoti yake hayapokei amri. Basi nikamwambia akiwa ameketi, nami nimesimama, kwa sababu niliona sistahili kigoda chake.

Nilimwambia yote. Hakuinua kichwa. Nilipomaliza akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Sema pole pole, na umtaje jina. Unasema mtoto, mtoto. Alikuwa na jina." Nikarudia mara ya tatu nikimtaja.

"Aliuliza kama najua," akasema.

"Aliuliza."

"Akaenda akiamini kwamba mimi nimekubali."

"Ndiyo, dada."

Kisu kilikuwa mkononi mwake na gimbi limemenywa nusu. Alilitazama kwa muda mrefu kama mtu aliyepewa kitu asichokijua matumizi yake. Kisha akalimaliza, na la pili, na yote yaliyokuwa kwenye kikapu, mpaka mimi miguu ikanishinda nikaketi sakafuni. Hakuniinua.

"Mikutano yote ile," alisema hatimaye, "ulinisikia nikiuliza."

"Nilikusikia."

"Ulisimama karibu kuliko watu wote."

Akachukua kikapu, akanipita pale sakafuni, akatoka.

Asubuhi alikwenda kwa Raimundi. Nilimkuta huko, au tuseme sauti yake ilinikuta barazani kwangu, mkabala na nyumba ya Raimundi, maana hakuishusha. Alimwambia mwanangu kila kitu, mbele ya mkewe na wanawe. Raimundi alikuwa na msumeno mkononi, akauliza mara moja tu: "Shangazi, walinitaka mimi?" Akamjibu: "Walikutaka wewe." Raimundi ni mtu mzima wa miaka thelathini na minane, ana mabega ya kubeba nguzo. Alikaa chini kwenye vumbi la mbao. Tangu siku hiyo ananiletea chakula, anakiweka kizingitini, anaondoka. Hajanitukana. Ningependa anitukane.

Kisha Mama yako alitoa amri mbili. Ya kwanza ilinihusu. "Kaka yangu hafi mpaka anionyeshe," alisema. "Mbebeni." Ya pili ilikuwa sanduku. Alimtaka Raimundi alichonge, mbao nzuri. Raimundi alipouliza kipimo, akamsimamisha ukutani, akamwekea alama ya mkaa juu ya kichwa. "Mlizaliwa mwaka mmoja," akamwambia. "Mlikuwa mnapishana kidole."

Nilimsikia akisema hivyo nami nilijua. Nilimzika mimi, najua alikuwa na urefu gani. Sikusema. Nimekuandikia kwamba nimekiri kila kitu, lakini hata hapo nilinyamaza.

Walinibeba Jumatano iliyopita, nikiwa kwenye kiti kilichofungwa miti miwili. Vijana wanne. Mtoni walizama mpaka mapajani, mmoja akanong'ona, "Mwalimu mzito," mwenzake akasema, "Si yeye, ni alichokificha." Niliwasikia. Masikio yangu bado ni mazuri. Mama yako alitangulia mbele, na fimbo, na magoti yale.

Shamba limekuwa msitu. Nilionyesha mahali, wakachimba, hakuna kitu. Nikaonyesha pengine, hakuna. Wazee wa ukoo wa mke wangu, ambao ardhi ni yao, walianza kutazamana. Kama ningepanda jani moja siku ile, Delfina. Watu wetu hata nguruwe aliyepotea tunamwekea alama pa kumtafutia. Dada yangu aliketi kwenye mzizi akasema, "Kumbuka. Hatuna haraka. Mimi nimezoea." Mara ya nne, karibu na jiwe lililopasuka, jembe la Raimundi lilishika mkeka uliooza.

Alimtoa Raimundi peke yake, kwa mikono, hakumruhusu mwingine kuingia shimoni. Walitandika kitambaa kipya. Aliweka mfupa mmoja baada ya mwingine, na mama yako amepiga magoti pembeni, anangoja. Raimundi alipopanda juu na kupangusa mikono, yeye bado alikuwa anatazama ndani ya shimo.

"Endelea," akamwambia.

"Amekwisha, Shangazi."

Alitazama kitambaa. Alitazama lile sanduku lililoegemezwa mtini, refu, limepigwa randa mpaka linang'aa. Nimeona watu wakipokea habari za vifo maisha yangu yote, sijawahi kuona uso kama ule. Kwa miaka ishirini na mitano alikuwa amemlea mpaka akawa baba wa watu.

"Mbona mdogo hivi?" akauliza.

Akamuuliza tena Raimundi, kwa upole, kama anayehofia kwamba kosa ni la fundi: "Mbona mdogo hivi, mwanangu?"

Alikunja kitambaa pande nne, akambeba mwenyewe kifuani mpaka Koronai. Alikataa kusaidiwa hata mtoni. Tumemzika Alhamisi kwenye ardhi ya mama zake, kwenye kaburi la kimo chake.

Filamu ni Jumamosi. Amesema nitaketi naye mbele, na nisifumbe macho. Nitaketi.

Jana Raimundi na vijana wale waliniletea lile sanduku. Wameliweka kando ya kitanda, kwa kuwa hakuna pengine linapoenea. Nilimuuliza ni la nini, na kwa mara ya kwanza tangu aambiwe, mwanangu alisema nami. Alisema ametumwa na shangazi yake, maneno si yake: "Mwambie kaka yangu amekwisha kunionyesha, sasa anaweza."

Linanizidi urefu kwa kiganja kizima. Limepimwa kwa mwanangu.

Aloisi